Uduvi Kutoka Mulongwe

Mwezi uliopita tulimzika Papa Faida kule Luberizi. Nilitoka Uvira kwa gari la asubuhi nikafika jeneza likiwa bado sebuleni, katika chumba kilekile chenye dirisha moja ambamo zamani nilikuwa nafanyia mazoezi yangu ya hesabu. Mama Faida alikuwa ameketi kwenye mkeka, binti yake Faida akiwa upande wa kulia, na aliponiona mlangoni akapigapiga mkeka kwa kiganja upande wa kushoto, maana yake nije niketi hapo. Wanawake waliotoka mbali waliutazama urefu wangu na uso wangu, na mmoja akanong'ona kuuliza mimi ni nani katika ukoo huu. Mama Faida, ambaye masikio yake hayajazeeka, akajibu bila kugeuza kichwa: "Huyu ni mutoto wangu. Tulivua naye uduvi." Mimi nilikaa pale mpaka tulipoinuka kwenda makaburini, nikisikiliza nyimbo, na akili yangu ikarudi kwenye mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa katika nyumba ile nikiwa na miaka kumi na tisa.

Shule yetu kule Bijombo, milimani, ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nimebakiza mwaka wa mwisho nipate diploma ya sekondari. Mchungaji wetu alifahamiana na Papa Faida kwenye mikutano ya kanisa, wakaongea, na hivyo nikateremka bondeni na begi moja na blanketi. Nilipewa chumba cha Faida, ambaye wakati huo alikuwa anasoma Bukavu. Kilikuwa chumba kizuri chenye kitanda cha mbao na kioo ukutani, ila Mama Faida aliuza sokoni ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na magunia yake yalilala chini ya kitanda changu. Mimi nilitoka kwenye nyumba iliyonukia maziwa na moshi wa kuni. Kwetu samaki hakuliwa, na hakuna aliyewahi kunieleza sababu. Ilikuwa tu kama vile mtu hali majani ya ua. Wiki ya kwanza nililala nikiwa nimejifunika pua na kitenge, na asubuhi nilihisi hata daftari zangu zinanuka ziwa.

Chakula cha kwanza nilichoandaliwa kilikuwa bugali na ndagala waliokaangwa kwa nyanya na pilipili, rundo zima, na kila mmoja na macho yake. Nilinawa mikono, nikakata tonge, nikalishika mpaka likapoa. "Hukule?" akauliza Mama Faida. "Minye sikulaka samaki, Mama," nikamjibu, nikijaribu kuongea kama watu wa bondeni. Akamtazama mumewe. "Umeniletea mutoto wa ng'ombe mu nyumba ya samaki," akasema, si kwa hasira, bali kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuletewa mambo mengi ya ajabu na mwanaume huyohuyo. Papa Faida akacheka kidogo, akanisogezea sahani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana ya mpiga makasia na mikono isiyojua pa kukaa. Muda wote wa chakula aliangalia mlango wa nyuma, na alipomaliza kunawa akatoka bila kungoja chai.

Alikuwa anaenda bwawani. Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba, pale mashamba ya mpunga yanapoanzia. Alilichimba mwenyewe kwa beleshi, kubwa kama kanisa letu la kule juu, na maji aliyapata kwenye mfereji wa mashamba. Majirani wenye mabwawa wote walifuga tilapia. Papa Faida alitaka sangala. Sangala ni samaki wa ziwani, mwindaji, mwenye mdomo mpana na miiba mgongoni, na ndiye aliyemvua maisha yake yote alipokuwa anaishi Uvira. Rafiki zake wavuvi walimletea vitoto vya sangala kwenye mapipa. Wengi walikufa njiani, na waliopona akawaweka pamoja na tilapia, akitumaini wangekula watoto wa tilapia. Haikwenda hivyo. Tilapia walikua haraka, wakawa wakubwa kupita midomo ya wale sangala wadogo, kisha wakala wao pumba zote za mpunga zilizotupwa. Sangala hawakuzigusa, maana sangala hali kitu kisichokimbia. Jioni yangu ya pili Papa Faida aliniita ukingoni, akapitisha wavu majini, akaniinulia mmoja. "Angalia, Esteri. Inabakia kichwa tu." Sikuwa najua samaki, lakini mnyama mwenye njaa nilimjua. Mwaka mmoja wa ukame nilikuwa nimewaona ndama wenye vichwa kama vile.

Ndipo aliponieleza uduvi. Ni wadudu wa maji, jamaa wa kaa, wafupi kuliko kucha ya kidole gumba, na miili yao hupenya mwanga hata ukaona chakula kinachotembea tumboni. Wanaishi kwenye nyasi za kando ya ziwa, wanakula matope na uchafu wa majani, wanazaana wenyewe. "Kule mu ziwa, sangala mutoto analelewa na uduvi," alisema. "Akikosa uduvi hawezi kufika kukula samaki mwenzake. Nikipata uduvi ikazaa humu, sitaomba tena kitu kwa muntu." Alizungumza akiwa amechuchumaa, akichora kwa kijiti kwenye udongo sehemu ya bwawa yenye kina kifupi ambapo angepanda nyasi na kulaza matawi ili wapate pa kujificha. Nilimsikiliza kwa adabu, nikijiuliza ni kwa nini mvuvi mwenye nguvu kiasi kile anaishi mbali na ziwa na kuhangaikia shimo la maji.

Aliwatuma rafiki zake wa Uvira. Wakamletea uduvi kwenye bidoni mbili, madumu ya plastiki, juu ya lori la mchele, na mimi ndiye niliyekuwa nyumbani lori liliposimama. Nilifungua kifuniko cha kwanza, nikapokelewa na harufu, na ndani nikaona supu ya rangi ya waridi. Wote walikuwa wamekufa kwa joto. Nilitapika palepale barabarani mbele ya dereva. Mama Faida akaja mbio, akaniosha uso, halafu akachungulia ndani ya bidoni akacheka mpaka akashika kiuno. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Mara ya pili walifika wakiwa hai kidogo. Papa Faida akawamimina bwawani taratibu kama mtu anayebatiza, na kesho yake tukawakuta wameelea juu. Maji ya ziwa na maji ya mfereji si maji mamoja. Jumapili ile, mezani, Papa Faida alisema kwamba kungoja watu wengine hakufai, itabidi aende mwenyewe kutafuta. Mama Faida akaweka chini kipande cha bugali alichokuwa nacho mkononi. "Uende wapi?" akauliza. Tukamaliza kula tukisikiliza redio ya jirani.

Ukuta wa chumba changu haukufika kwenye bati. Baada ya chakula nilijilaza na kitabu, na mazungumzo yao yakanijia juu ya ukuta kama vile nimeketi nao.

"Uliniapia," alisema Mama Faida.

"Niliapa sitavua tena. Sikuapa sitaenda kuchota vidudu mu majani."

"Ziwa ni ziwa. Utaanzia mu majani, kesho uko mu mutumbwi."

"Mama Faida, minye niko nakufa hapa. Hauoni?"

"Naona. Hapa unakufa polepole, mbele ya macho yangu. Kule utakufa siku moja, na minye nitasimama tena pa muchanga kungoja."

Kisha Papa Faida akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nifike, kwamba Lukas alikuwa mdogo wake yeye, si wa mwingine, na kama kuna mtu mwenye haki ya kulichukia ziwa ni yeye, naye hajaweza. Nikasikia kiti kikisogezwa na mlango wa nyuma ukifunguliwa. Baadaye nilikuja kujua habari yote: ndugu wawili walivua pamoja, upepo ukawakuta mbali na pwani, na akarudi mmoja. Mama Faida akamtoa mumewe Uvira, akamleta Luberizi kwenye ardhi ya wazee wake, akamshikisha jembe. Bwawa ndilo alilomruhusu, kama unavyomruhusu mgonjwa kunusa chakula alichokatazwa.

Siku chache baadaye, kulipokuwa kumepambazuka, Mama Faida aligonga mlango wangu. Alikuwa amevaa kitenge cha zamani, na kichwani alibeba beseni mbili, moja ndani ya nyingine, pamoja na chandarua kilichochakaa. "Vaa," akasema. "Tunaenda Mulongwe. Leo hauna shule." Nikamwambia nina shule. "Leo hauna," akarudia. Papa Faida alikuwa ameshatangulia shambani. Tulipanda lori la mihogo tukakaa juu ya magunia, na njia nzima alishika beseni zake bila kusema kitu, isipokuwa tulipofika karibu na mji na ziwa likajitokeza upande wa pili, jeupe, kubwa kuliko nilivyowahi kuliona nikiwa mlimani. Hapo akageuza mgongo akatazama milima.

Mulongwe, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, ndipo alipozaliwa. Tulipita katikati ya vibanda vya kuuza sabuni na mafuta ya mawese, wanawake wakimwita jina lake la usichana, yeye akiitikia bila kusimama. Alinipeleka pale mto unapoingia ziwani, mahali penye nyasi ndefu zilizosimama majini. "Tulipokuwa watoto tulichota uduvi hapa na vikapu," alisema. "Hizi zinakaa kati ya mto na ziwa. Zimezoea maji mbili. Nilijua tangu siku ile bidoni ilifika imeoza." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Alikuwa amesimama ukingoni, vidole vya miguu vikigusa povu, na nikaona miguu yake inatetemeka mpaka magotini.

Mimi sikujua kuogelea. Maji makubwa niliyokuwa nimewahi kuingia ni ya kijito cha kunyweshea ng'ombe. Lakini nilimwona mtu mzima anatetemeka, na sikuwa na kingine cha kumpa, basi nikaingia kwanza. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na matope yake laini kama siagi. Nikanyoosha mkono. Akaushika, akaingia, akanikaza vidole mpaka vikauma. Tulisimama hivyo kwa muda, maji yakiwa mapajani, na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu.

"Siku ile ya upepo, asubuhi, walikuja kutuambia mutumbwi umeonekana na mutu mmoja ndani," alisema. "Mmoja. Hawakujua ni nani. Mutumbwi ulikuwa mbali bado. Nikapiga magoti pa muchanga nikaomba akuwe wangu. Niliomba na nguvu yote. Weye unajua ile ni kuomba nini, Esteri? Lukas nilimupikia miaka na miaka. Aliniita dada. Na minye nikaomba akuwe yeye amekufa. Mungu akanisikia." Akafuta uso kwa bega kwa kuwa mikono yake haikuwa huru. "Na muke wake alikuwa amesimama pembeni yangu, hapa, kama weye. Mama Sifa. Tangu siku ile siwezi kumuangalia. Niliacha kumusalimia. Tukahama. Anafikiri nilimudharau kwa sababu wangu alirudi."

Nilimkamatisha ncha moja ya chandarua. Tukakivuta kwenye nyasi, yeye akinionyesha jinsi ya kukiinamisha na kutikisa mashina, na tulipokiinua kilijaa vitu vinavyorukaruka kama mvua inayorudi juu. Tulijaza beseni, tukatia nyasi mbichi ndani ili wapate pa kushika, tukafunika kwa kitenge kilicholowa. Njiani kila lori liliposimama nilikwenda kuchota maji ya mto nikayabadilisha. Wengine walikufa, na tulipofika Mama Faida aliwachuja hao, akawakaanga kwa kitunguu na chumvi, akawamwaga juu ya sombe. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nilikula bila kufikiri, nikaomba tena, na nilipoona wananiangalia ndipo nikakumbuka mimi ni nani. "Mungu wangu," akasema Mama Faida, "ng'ombe imekula samaki." Tangu siku ile nilikula kila kitu katika nyumba ile, hata vichwa.

Lakini kabla ya kula kulikuwa na bwawa. Papa Faida alitukuta ukingoni tukiwa tumeziweka beseni kwenye maji, zikielea, tukiongeza maji ya bwawa kidogo kidogo ili uduvi wayazoee. Alitazama beseni, akatazama vitenge vyetu vilivyokauka na matope mpaka kiunoni. "Nani aliingia mu maji?" akauliza. "Minye," akasema Mama Faida, bila kumwangalia. "Na huyu mutoto alinishika." Papa Faida akaketi chini kwenye udongo, palepale. Baada ya muda akavua shati, akaingia bwawani, akaanza kupanga upya matawi yake upande wa kina kifupi, na mkewe akampokeza nyasi moja moja kutoka ukingoni. Niliwaacha, nikaenda kuwasha moto.

Tulirudi Mulongwe mara nyingi msimu ule, Mama Faida na mimi, mpaka akawa anaingia majini bila mkono wangu. Na uduvi wakashika. Kwanza tulikuwa tunawaona asubuhi tu, vivuli vidogo kwenye mashina ya nyasi. Halafu siku moja Papa Faida aliniita kwa kelele, akanionyesha jike kwenye kiganja chake, amebeba mayai chini ya tumbo kama zabibu. Nilizoea kupita bwawani kila nikitoka shule, nikalala kifudifudi ukingoni na kuwaangalia, kama nilivyokuwa nawaangalia ndama. Mama yangu alipanda kilima fulani kule Bijombo Jumamosi ili apate rezo, yaani mtandao, ya kunipigia simu, na siku moja aliniuliza ninafanya nini nisipokuwa na masomo. "Ninachunga," nikamwambia. "Unachunga nini huko bondeni?" Nikamweleza. Nikasikia anacheka, anawasimulia wanawake wenzake waliopanda naye kilimani, nao wakacheka pia, na upepo wa kwetu ukavuma kwenye simu.

Haikuwa miezi ya kucheka tu. Kuna wakati habari mbaya ziliteremka kutoka juu, za mapigano na nyumba kuchomwa, na watu wa bondeni nao walikuwa na wafu wao. Mama hakupiga simu Jumamosi mbili. Shuleni wengine waliacha kukaa nami dawati moja. Mama Faida akaanza kunisindikiza asubuhi, akisema ana shughuli upande ule, na mchana nilimkuta ananingoja barabarani na kikapu kitupu. Siku moja mwanamume mmoja muuza mchele alimsimamisha. "Mama Faida, huyu wa juu bado unamuweka?" Mama Faida akahamisha kikapu mkono mwingine. "Namuweka. Weye ulitaka nimupeleke wapi?" Yule mtu akasema basi, sawa, Mama, habari za nyumbani. Jumamosi ya tatu simu ikalia. Nyumba yetu ilikuwa bado imesimama. Mama Faida aliichukua simu mkononi mwangu, akamwambia mama yangu kwa Kiswahili, ambacho mama hakukielewa vizuri, kwamba mtoto anakula vizuri na amenenepa.

Mvua kubwa ndizo zilizotaka kutumalizia bwawa. Mfereji ulijaa usiku, na kulipokucha maji yalikuwa yanapita juu ya ukingo upande wa mashamba. Tulikimbia wote watatu na mifuko ya udongo, migomba iliyokatwa, milango ya choo, chochote. Mama Faida alikitandaza chandarua chake kwenye mwanya, akakikalia, maji yakimpita mabegani, akimwelekeza mumewe pa kupiga vigingi. Kufikia adhuhuri tuliziba, lakini hatukujua kilichobaki ndani ya maji yale mekundu, na Papa Faida alisimama pale akiwa amekunja mikono kwapani. Ndipo jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa anamcheka kuliko wote na kumwita mvuvi wa matope, akaja akipita kwenye mpunga wake na ndoo. Ndani kulikuwa na sangala, mnene, mgongo unang'aa, mkubwa mara tatu ya wale niliowakuta nilipofika. "Nimeikuta mu mpunga yangu," akasema. "Inapigana. Nimejua haiko yangu." Baada yake wakaja wengine na sufuria na mabeseni. Sidhani walirudisha wote. Harufu ya samaki wa kukaanga ilisikika jioni ile katika nyumba zaidi ya moja, na Papa Faida alipoisikia alitabasamu. "Waache," alisema. "Sasa wanajua ni tamu."

Biashara haikuwa kubwa kamwe. Sangala wa bwawani hawakuzaa, na miaka iliyofuata ilibidi kuleta vitoto vingine kutoka ziwani kila mara, mpaka Papa Faida alipozeeka akarudia tilapia kama watu wote. Nami nilipata diploma yangu, nikasoma uuguzi, nikaolewa na mtu ambaye kazi yake ni barabara, na siku nyingi mimi huzimaliza nikisikiliza kama lori lake linarudi. Mara nyingi nimetaka kumwambia aache. Kila neno hilo linapofika mdomoni namwona Papa Faida akiangalia mlango wa nyuma wakati wa chakula, nalimeza. Lakini hiyo si sababu ya kuwa naukumbuka mwaka ule kuliko mingine yote. Sababu ni safari ya mwisho tuliyofanya, wiki moja baada ya mitihani yangu.

Papa Faida alikuwa amevua sangala wa kwanza wa kula. Mama Faida akamchagua mkubwa, akamfunga kwenye majani ya mgomba, akasema, kama anayezungumzia chumvi: "Huyu ni wa Mama Sifa." Mumewe hakuamini masikio yake. Tulikwenda wote watatu. Mama Sifa, mjane wa Lukas, aliishi bado palepale Uvira, nyumba ndogo ambayo uani kwake unasikia mawimbi. Alikuwa mwanamke mwembamba, na alipotuona langoni alikuwa anapepeta maharagwe, naye akaendelea kupepeta. Papa Faida akamsalimu kwa kichwa, akashindwa kusimama pale, akapita nyuma ya nyumba kuelekea majini. Mama Faida akaingia jikoni bila kukaribishwa, akaweka samaki mezani, akaomba kisu. Nilisimama mlangoni, sikujua kama natakiwa au sitakiwi.

Mama Sifa alileta kisu. Akamfungua samaki, akampitisha kidole mgongoni. "Inatoka wapi, imenona hivi?"

"Kwa bwawa yetu. Tuliilisha uduvi. Minye nilivua hiyo uduvi, kwa Mulongwe."

"Weye? Uliingia mu maji?"

"Niliingia." Mama Faida akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akamwambia yote, palepale, kwa maneno yaleyale aliyoniambia mimi majini: mtumbwi ulivyoonekana, mtu mmoja ndani, magoti kwenye mchanga, alichoomba. "Njo maana siwezi kukuangalia," akasema.

Mama Sifa hakuinua macho. Alianza kuparua magamba, polepole, kutoka mkiani kwenda kichwani, na magamba yakarukia nguo zake. "Kwani minye," akasema hatimaye, "ulifikiri niliomba nini?"

Sidhani kwamba katika miaka ile yote wazo lile liliwahi kumpitia Mama Faida kichwani. Mama Sifa akaendelea kuparua. "Niliomba akuwe wangu. Niliomba Papa Faida akufe. Nikakuona unalia, nikaomba zaidi. Halafu ulipohama nikasema, amejua. Aliniona mu macho, amejua, njo maana amenikimbia." Kisu kikasimama. Wakatazamana, wanawake wawili wazima wenye mikono ya kunuka samaki, na sijui ni nani aliyeanza, lakini mmoja akatoa sauti kama kikohozi, na mwingine akaishika, na wakawa wanacheka huku machozi yanawamwagika, wakishikana mabega ili wasianguke. "Ona Mungu," Mama Sifa alisema akipumua kwa shida, "alivyosumbuliwa siku ile."

Nilitumwa kumwita Papa Faida maana samaki alikuwa ameshaiva. Nilimkuta ameingia ziwani mpaka magotini, suruali imekunjwa, amesimama tu, maji yakimjia na kurudi. Aligeuka aliposikia miguu yangu kwenye mchanga.

"Wanagombana?" akauliza.

"Hapana, Papa. Wanacheka."

Hakuniamini. Aliinua mkono ninyamaze, akainamisha kichwa upande wa nyumba, akasubiri wimbi lipite, na lingine. Kisha zikatokea katikati ya mawimbi, wazi kabisa, sauti mbili za kicheko. Papa Faida akabaki vilevile, mkono juu, akisikiliza, na mimi sikumharakisha, ingawa samaki alikuwa anapoa.